Taka za Karani wa Mizani

Kariakoo kila kitu kina mwenyewe. Ukiona chupa ya maji imelala mtaroni usidhani imetupwa. Kuna mtu kaiona kabla yako na anajua atapita saa ngapi kuichukua. Gunia lililotoboka lina mwenyewe. Kifuu cha nazi kina mwenyewe. Hata msumari uliopinda una mtu wake. Sisi wenyeji hatukumbuki tuliyajulia wapi haya. Mgeni ndiye anayepata tabu, na mgeni wetu hapa ni Hyasinta, mwanamke wa miaka hamsini na mbili kutoka Masasi. Siku ya tisa tangu afike mjini alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha kupanga, na uvunguni mlikuwa na mifuko minne ya taka asiyojua aipeleke wapi.

Si kwamba hakuelezwa. Mwenye nyumba, Mzee Mwinyimvua, alimweleza siku ileile ya kwanza, kabla hata mabegi hayajafika chumbani. Gari la taka linapita Jumatano na Jumamosi asubuhi. Filimbi ikilia, kila mpangaji anatoka na kiroba chake mkononi na kusimama nje mpaka kipokelewe. Marufuku kukiacha barabarani ukaingia ndani, maana bwana afya akikikuta faini ni ya nyumba nzima. Marufuku kuchoma chochote uani, maana nyuma ya ule ukuta ni stoo ya magodoro. Hyasinta aliitikia, ndiyo baba, ndiyo baba, na kweli alikuwa ameelewa.

Tatizo lilikuja filimbi yenyewe ilipolia. Jumatano ya kwanza alitoka na mfuko wake akasimama nyuma ya wenzake. Watu wa taka walipopokea kiroba cha kwanza hawakukirusha garini. Walikimwaga juu ya turubai palepale barabarani wakaanza kuchambua, chupa huku, makopo kule, maana navyo vina bei. Kilikuwa kiroba cha Maimuna, mkaanga vitumbua wa chumba cha tatu. Yakatoka maganda ya ndizi, kandambili moja na mifupa ya kuku. Jirani akamuuliza huyo kuku kaliwa lini mbona watu hawakusikia hata harufu, na Maimuna akamjibu kwamba alimpika kwa siri kwa sababu anawajua. Wakacheka mpaka Mzee Mwinyimvua akatoa kofia kujifuta macho. Kumbe ndilo baraza lao hilo. Wiki nzima wanapishana koridoni kila mtu na haraka zake, lakini siku ya taka wanasimama pamoja robo saa na kutaniana.

Hyasinta alirudi ndani na mfuko wake kabla zamu yake haijafika. Ndani ya mfuko ule kulikuwa na pampasi za mtu mzima na mifuko ya mkojo.

Vilikuwa vya mumewe, Isidori, aliyekuwa amelala kitandani uso kaugeuzia ukuta. Ilikuwa tezi dume. Alikuwa amewekewa mpira wa mkojo kulekule kwao, ukavuja, ukabadilishwa, ukavuja tena, mwishowe wakaambiwa waje Dar es Salaam. Huko hospitalini Upanga wakapewa tarehe ya upasuaji, Jumanne ya wiki ya nne. Daktari aliwaambia wazi wote wawili kwamba tarehe hiyo ikiwapita, figo hazitakuwa na subira ya kungoja nyingine. Ndiyo maana wakapanga chumba karibu, wakae hapo mpaka siku ifike.

Isidori alikuja kwa sharti. Miaka ishirini na sita alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi, na katika kata yao hapakuwa na gunia la korosho lililouzwa bila jicho lake. Mtu wa namna hiyo hatoki kanisani akafika sokoni bila kusimamishwa mara ishirini. Shikamoo karani, za nyumbani karani, na yeye hujibu zote. Alipoanza kuvuja akaacha kabisa kutoka, kwa sababu anayekusalimu hukusogelea, na akikusogelea atasikia harufu. Usiku wa kufunga mizigo alimwambia mkewe:

"Nitakwenda. Lakini Mama Candida, siku watu wa huko watakapojua, narudi nyumbani. Nimepasuliwa, sijapasuliwa, narudi."

Candida ni binti yao wa kwanza, mwalimu Tunduru. Naye alikuwepo akasikia, na alijua kama mama yake alivyojua kwamba baba yao akisema hivyo amesema.

*

Kuuliza si ujinga, tulifundishwa hivyo toka shule. Sawa. Lakini utamuuliza nani jambo ambalo ukishaliuliza umelitangaza? Hyasinta alilifikiria hilo mchana na jioni. Masasi alikuwa na shimo lake nyuma ya jiko. Vitu vya mgonjwa havikuchanganywa na maganda ya muhogo. Vilichomwa peke yake, majivu yakafukiwa, na aliyevifukia hakusimulia. Hivyo ndivyo bibi yake alivyomlea, na hakuwahi kuona mtu akifanya vingine. Hapa uani kote saruji, huna hata pa kuchomeka mti wa mwavuli.

Akawa anaishi kama mwizi katika chumba alicholipia. Alifua saa ambazo bombani hapana watu. Alichoma udi asubuhi na jioni mpaka Isidori akawa anakohoa. Kwenye korido alisalimia na kupita, asisimame, maana akisimama mtu ataanza kuuliza mzee anaendeleaje, na swali la pili litakuwa anaumwa nini. Haikupita wiki wakaanza kusema kwamba yule mama wa Masasi anaringa. Alilisikia akiwa bafuni, limesemwa bila ubaya wowote, kama mtu anavyosema mchele umepanda bei. Lilimuuma kuliko matusi.

Candida alipopiga simu aliuliza kama wameshazoeana na majirani. Hyasinta alisema wamezoeana sana, watu wakarimu mno, kuna mmoja anaitwa Maimuna huwa anamletea vitumbua vya moto asubuhi. Uongo ule ulimtoka vizuri hata akautamani. Simu ilipokatika alibaki kaishika sikioni, huku uani wanawake wakicheka jambo ambalo hakuambiwa. Isidori alikuwa macho. Ndoa ya miaka thelathini, na ndani ya chumba kimoja kila mmoja alikuwa anaona aibu peke yake.

*

Siku hiyo ya tisa, jioni, alitoka kununua sabuni akaona jambo. Maduka yalikuwa yanafungwa. Kila duka lilikuwa linatoa maboksi matupu na kuyarundika konani, karibu na duka la feni: maboksi ya feni, ya pasi, ya viatu, rundo limemzidi mtu kimo. Hakuna aliyesimama kulinda lake. Hakukuwa na filimbi wala turubai. Kesho yake asubuhi alipita tena akakuta pameshafagiwa, pasafi kama ukumbi wa harusi.

Hyasinta nusura alie kwa furaha. Akajiambia, kumbe ndipo taka za wenye aibu zinapokwenda. Jioni ile alifunga ile mifuko minne ndani ya gunia la salfeti, akalitia kwenye boksi la feni, akaweka boksi katikati ya rundo na kuondoka bila kugeuka. Baada ya siku mbili akapeleka mfuko mwingine. Kwa wiki nzima uvungu wa kitanda ulikuwa mweupe, na Isidori akaanza kukaa kitako na kuomba uji. Mara moja akauliza zile takataka anazipeleka wapi. Akajibiwa kuna mahali. Akasema, "Ahsante, mama," na Hyasinta akatembea na neno hilo siku nzima.

Haikumjia hata mara moja kwamba maboksi matupu yanaweza kuwa mali ya mtu. Kwao boksi likishatolewa kitu ni la kuwashia moto.

*

Alhamisi ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, mwanamke mmoja alipiga hodi mlango wa mbele, akawasalimia wote kwa adabu, akapita koridoni hadi uani akiwa amebeba boksi la feni kwa mikono miwili. Aliitwa Kuruthumu. Maboksi ya ile kona yalikuwa yake kwa miaka kumi na moja. Alikuwa na makubaliano na maduka sita: wao wanayatoa jioni, yeye anayachukua alfajiri na kuwafagilia mbele ya milango. Huyakunja, huyafunga kamba, huyapakia kwenye guta la magurudumu matatu na kuyapeleka kwa mnunuzi anayepima kwa kilo. Na mnunuzi wa maboksi adui yake ni maji, kwa sababu wajanja huyalowesha yaongeze uzito. Mifuko ya kwanza Kuruthumu aliikuta akaitupa, lakini alfajiri ile mmoja ulikuwa umevujia maboksi ya jirani gizani, na mnunuzi alipotia mkono katikati ya mzigo ukatoka umelowa. Akamrudishia mzigo mzima mbele ya wenzake na kumwambia asirudi tena pale, kama ndivyo alivyokuwa akimwibia miaka yote hiyo.

Yote haya Kuruthumu aliyaeleza bila kupandisha sauti, boksi limewekwa katikati ya uani. Maimuna aliacha kukoroga unga. Mzee Mwinyimvua alitoka chumbani kwake na redio mkononi, akaizima. Hyasinta alikuwa bombani na ndoo, hana pa kupita.

"Mlinzi wa duka la feni kanambia anayeweka ni mama mmoja wa nyumba hii," Kuruthumu akasema. "Na humu nimekuta bahasha ya dawa, imeandikwa Isidori Mrope. Isidori ni nani?"

"Niliyeweka ni mimi, dada yangu. Nisamehe. Sikujua kama ni mali ya mtu."

"Umeshasema uliyeweka. Nauliza mwenye vitu hivi."

Hyasinta alitazama boksi. Chini lilikuwa limelegea na kugeuka rangi, na kila aliyekuwepo pua yake ilikuwa imeshajua.

"Ni mimi," akasema. "Naumwa mimi. Bahasha ni ya mume wangu, yeye ana kichwa tu."

Wanawake wakatazama chini. Mtu mzima akisema uongo wa namna ile humtazami usoni, unamwachia nafasi ajifunike. Na huenda ingeishia hapo, Kuruthumu angelipwa hasara yake akaenda zake, lakini pazia la chumba cha tano likasogea, Isidori akatoka. Alikuwa amevaa msuli na shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Alitembea kwa kushika ukuta. Akawasalimia mmoja mmoja, akapokea shikamoo zao, kisha akamgeukia Kuruthumu.

"Mzigo umerudishwa wote, mwanangu?"

"Wote, mzee."

"Hata yale makavu?"

"Hata makavu."

Isidori akatikisa kichwa. Miaka ishirini na sita amewarudishia watu magunia kwa sababu ya debe moja lililolowa, na hakuwahi kuuliza nani kalilowesha. Alikuwa akijivunia hilo.

"Mke wangu anasema uongo," akasema. "Vitu hivyo ni vyangu. Nisamehe."

Kuruthumu alikuja na hasira zake kamili, na haki alikuwa nayo. Sasa hakujua azipeleke wapi. Akainama akalishika boksi lake, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, mzee." Maimuna naye akasema pole. Mzee Mwinyimvua akasema pole sana ndugu yangu. Pole tatu zile ndizo zilizommaliza. Isidori aligeuka akarudi chumbani, na mkewe akamfuata.

"Jumamosi naondoka," akamwambia mkewe alipoingia.

"Baba Candida, zimebaki siku tano tu."

"Nilikwambia nini?"

"Ulinambia."

"Basi."

Akajilaza akageukia ukuta. Hyasinta alimwambia habari za figo, akamwambia habari za watoto, akampigia Candida na kumwekea simu sikioni, naye akaitoa na kuiweka juu ya godoro huku binti yake akiendelea kuongea. Hela ya nauli Hyasinta alikuwa nayo yeye, ameifunga kwenye pindo la kitenge. Akajipa moyo kwamba bila nauli hawezi kufika popote.

*

Ijumaa Hyasinta aliuliza mpaka akamfikia Kuruthumu, akamwambia waende pamoja kwa mnunuzi. Kuruthumu alimtazama kwanza, hakuamini. Walikwenda kwa miguu, guta likitangulia na ule mzigo uliokataliwa. Kwenye mizani kulikuwa na foleni ya waokota maboksi kama kumi na watano, na mnunuzi alijifanya hawaoni. Hyasinta akasubiri mpaka akaona hatakaribishwa, akasema mbele ya wote:

"Ule ulowevu haukuwa maji. Ni mkojo wa mume wangu, ni mgonjwa. Niliutupa mimi kwenye maboksi ya huyu dada, yeye hakujua. Hajakuibia."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka peke yake kisha akanyamaza. Mnunuzi alikuna shingo. Akasema haya, alete makavu yapimwe, yaliyolowa akayatupe. Ilikuwa ndiyo kusema yameisha. Kuruthumu hakutoa shukrani, na Hyasinta hakuzitegemea. Njiani wakirudi, kwenye kuvuka barabara, Kuruthumu alimshika mkono ili gari lisimgonge, na walipofika upande wa pili akauachia. Tangu afike Dar es Salaam hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemgusa.

Nyumbani Isidori hakuuliza alikotoka. Alikuwa amekunja shati lake la pili na kuliweka kwenye begi dogo. Uji wa mchana ulikuwa palepale, umeganda utando juu.

*

Jumamosi filimbi ililia saa mbili unusu. Hyasinta hakunyanyuka. Pazia likaguswa, sauti ya Maimuna ikapiga hodi.

"Mama Candida, gari limekuja. Lete na mfuko wa mzee."

Akajibu kwamba leo hana kitu. Maimuna hakuondoka. Akaingiza mkono tu, mkononi ana kipande cha khanga kilichochanwa.

"Funga na hiki shingoni. Mfuko uliofungwa kitambaa haufunguliwi, unarushwa garini moja kwa moja. Wale wanajua. Mji mzima wanajua."

Hyasinta alikipokea, akakaa nacho mkononi. Wiki tatu. Wiki tatu za udi na uvungu na maboksi, na dawa yake ilikuwa kipande cha khanga. Alimtazama mumewe mgongoni, akamwambia anatoka kidogo, dakika tano. Akavuta mfuko uvunguni, akaufunga kitambaa.

Nje watu walikuwa wameshajipanga. Kuruthumu alikuwa amepita pale jana kununua vitumbua, na habari ya mizani ilikuwa imewafikia kabla Hyasinta hajatoka chumbani. Walimpisha. Mfuko wake ulipokelewa na mtu wa taka, akaona kitambaa, akaurusha garini bila hata kuuangalia mara mbili, akanyoosha mkono kupokea mwingine. Ndiyo hivyo tu. Hyasinta alisimama kama mtu aliyepandisha mguu kwenye ngazi isiyokuwepo. Maimuna akamwambia kwamba chumba kilekile cha tano mama yake mzazi alilala miaka miwili, na vitambaa vya khanga vilikwisha vikaja kuchanwa vitenge. "Ungeuliza," akasema. Halafu mwenyewe akajijibu, "Lakini utauliza vipi."

Kiroba kilichofuata kilikuwa cha Mzee Mwinyimvua, na juu ya turubai zikatoka chupa saba za soda. Mzee ana sukari, daktari kamkataza. Maimuna akazihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na mzee akaapa kwamba ni za mgeni. Watu wakacheka, na Hyasinta akajisikia anacheka nao. Alicheka mpaka akashika ukuta. Zile dakika tano zilikuwa zimefika ishirini.

Aliporudi chumbani kitanda kilikuwa kitupu. Begi dogo halikuwepo. Cheti cha hospitali kilikuwa juu ya mto, kimewekwa vizuri. Mlango wa mbele ulikuwa umejaa watu, kwa hiyo alikuwa ametoka kwa mlango wa uani, hana senti mfukoni.

*

Alikimbia, akiwaambia walio mlangoni kwamba mzee hayupo. Alimuuliza muuza miwa, akamuuliza dereva wa bajaji, akauliza mlangoni mwa duka la feni. Kila mmoja alisema hajaona. Mzee mrefu, shati jeupe, anatembea polepole? Hawakumwona. Kariakoo Jumamosi asubuhi watu ni wengi kuliko nafasi ya kuwatazama. Akaelekea viwanja vya Mnazi Mmoja kwa sababu njia ilikuwa inashuka huko na mtu asiye na nguvu hufuata mteremko.

Alimkuta ameketi kwenye ukuta mfupi pembeni ya viwanja, begi limelala miguuni. Mfuko wa mkojo ulikuwa umechomoka. Suruali ilikuwa imelowa kutoka pajani mpaka ndani ya kiatu, na chini ya kiatu palikuwa na kidimbwi. Watu walikuwa wanapita, wanaokwenda mjini na wanaorudi, wenye mizigo, wenye simu masikioni. Mama mmoja alikikwepa kidimbwi kile kwa hatua moja bila kukatisha maongezi yake.

Hyasinta alifungua kitenge cha juu amfunike. Isidori akamzuia.

"Acha. Nani anatazama?"

Hyasinta akakaa pembeni yake. Yeye alikuwa anatafuta maneno ya kumbembeleza, na mwenzake alikuwa anawatazama wapita njia kama alivyokuwa akitazama magunia, moja moja.

"Nimetoka pale nyumbani mpaka hapa," Isidori akasema, "hajanisalimu mtu hata mmoja. Nimelowa hivi toka kwenye ile kona ya feni. Nikasema sasa watasimama, sasa watauliza. Mama Candida, hawanioni. Mimi hapa si lolote si chochote."

Hyasinta hakujua kama analia au anacheka.

"Wale wa nyumbani?" Isidori akauliza. "Yale ya juzi. Wanasemaje?"

Hyasinta alikuwa na mengi ya kumwambia. Kipande cha khanga, chupa saba za soda, mama yake Maimuna aliyelala chumba kilekile. Alitaka amwambie kwamba kwa mara ya kwanza leo amecheka, na kwamba watu wamewaonea huruma kweli. Akaona uso wake. Huruma ndiyo iliyomfukuza pale uani.

"Hakuna aliyesema kitu," akajibu. "Wameshasahau. Kila mtu na shida zake."

Isidori akavuta pumzi, akaishusha.

"Basi nitakaa," akasema. "Jumanne nitakwenda nikapasuliwe. Mahali ambapo hakuna anayenijua naweza."

Akanyanyuka mwenyewe. Walirudi polepole, yeye mbele, mkewe hatua moja nyuma na begi. Kila walipopishana na mtu asiyewatazama, mgongo wa Isidori ulikuwa unanyooka kidogo zaidi.

Walipokata kona ya mtaa wao, Hyasinta aliwaona. Walikuwa wamekaa barazani wote: Maimuna na ungo wa mchele, Mzee Mwinyimvua na tasbihi yake, wapangaji wengine wawili, na Kuruthumu aliyekuja kusaidia kumtafuta. Walikuwa wanawangoja. Maimuna alishaanza kunyanyuka, uso umejaa huruma, na mdomo umeshafunguka kwa shikamoo. Hyasinta, nyuma ya mumewe, akakutanisha viganja kifuani akatikisa kichwa. Tafadhali. Msimsalimu.

Maimuna alisimama nusu. Akamtazama mzee aliyelowa, akamtazama mkewe, akaelewa. Akakaa, akainamia ungo akaanza kuchambua mchele. Kuruthumu akageukia barabara. Mzee Mwinyimvua, ambaye tangu azaliwe katika mtaa ule hakuwahi kumwacha mpita njia bila salamu, na ambaye dini yake yenyewe haimruhusu, aliinamisha kichwa akaanza kuhesabu tasbihi upya.

Isidori alipanda baraza, akapita katikati yao na suruali yake, akaingia koridoni. Hakuna aliyeinua uso, hata Hyasinta alipopita.

Ndani alikaa kitandani akavua kiatu, akakipindua maji yakatoka.

"Umeona?" akasema. Alikuwa karibu kutabasamu. "Hakuna mtu."

"Nimeona," Hyasinta akasema. "Hakuna mtu."